Maswali ya Wasomaji: Nani Alimchagulia Mwanangu Dawa?

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mzazi huombwa kutia sahihi kabla mtoto wake hajaingizwa katika utafiti wa tiba, tumepokea barua kutoka Malindi, Gede, Mambrui na hata Lamu, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: ni nani anayeamua mgonjwa huyu apewe dawa hii na yule apewe nyingine? Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika ana uchungu wa mzazi, na uchungu huo unastahili jibu kamili.

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Barani, Malindi. Mwanangu wa mwisho alilazwa na homa kali, nikaombwa aingie katika utafiti wa kulinganisha dawa mbili. Nilikubali, lakini nilipomuuliza daktari atampa ipi, aliniambia kuwa hajui, bahasha ndiyo itakayosema. Mtoto amepona, alhamdulillahi, ila neno lile halijanitoka moyoni. Je, mwanangu alichezewa kamari?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu, na tunamshukuru Mungu kwa afya ya mtoto. Ndiyo, ilipigwa kura, na jibu lake likafungwa katika ile bahasha, lakini haikuwa kamari, na una haki ya kuelezwa sababu yake. Mcheza kamari huweka mali yake ili apate ya mwenziwe. Kura ya utafiti hupigwa kwa kuwa watoto wa pande zote mbili wanatibiwa, na hakuna aliye na hakika ni upande upi utatibiwa vizuri zaidi. Madaktari wangekuwa na hakika hiyo, kamati ya maadili isingeruhusu utafiti uanze. Daktari aliyekuambia "sijui" alikuambia kweli tupu.

Utauliza: basi kwa nini asichague yeye mwenyewe, kwa uzoefu wake? Tuchukulie kwamba angechagua. Mtoto aliyeletwa kwa bodaboda kutoka Ganda baada ya siku tatu za homa, hali yake imeshakuwa mbaya, daktari mwenye huruma angeelekea kumpa dawa mpya kwa matumaini. Na mtoto wa jirani wa hospitali, aliyeletwa homa ilipoanza tu, angempa ile ya kawaida. Mwisho wa mwaka tungehesabu waliopona na waliofariki, na dawa mpya ingeonekana mbaya, ilhali walioipata ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Daktari mwingine, mwenye tahadhari, angefanya kinyume, na dawa ileile ingeonekana ya ajabu. Umri na uzito tunaweza kuvipima na kuvisawazisha. Lakini mtoto alikaa siku ngapi bila kula, alinyweshwa mitishamba gani, mama yake ana msaada gani nyumbani, pamoja na mengine ambayo sayansi bado haijayapa hata majina, hayo hayamo katika faili. Kura haihitaji kuyajua. Huyagawa pande zote mbili bila kumpendelea yeyote, na kadiri watoto wanavyoongezeka ndivyo pande hizo zinavyozidi kufanana, katika yanayoonekana na yasiyoonekana.

Nilikulia Mayungu, na jambo hili nililiona ufukweni kabla sijalisoma darasani. Wavuvi walipokuwa wamechangia safari moja, samaki waliwekwa mafungu juu ya makuti, na mzee mmoja alihangaika kuyasawazisha, akitoa tafi hapa na kuongeza changu pale. Hata hivyo mafungu hayakulingana kamwe, na kila mtu alikuwa ameshalitia jicho fungu alilolitaka. Basi kijana mmoja aligeuzwa mgongo, akatazama bahari, mzee akagusa fungu kwa ncha ya fimbo na kuuliza, "Hili la nani?", na kijana akataja jina asilojua linakwenda wapi. Mzee alisawazisha alichokiona, na kura ikamaliza asichoweza kukiona. Bahasha ya daktari wako, dada yangu, ni mgongo wa yule kijana.

Faida yake tumeiona katika kaunti yetu wenyewe. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono na miguu imepoa, aongezwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Lilionekana jambo la wazi. Kisha jaribio lililoitwa FEAST, likiongozwa na daktari Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, liliwagawa kwa kura watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali ya Kilifi ikiwa mojawapo. Wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji ya albumini, yaani protini ya damu, kwa haraka, na wengine hawakupewa maji ya haraka, ingawa waliendelea kupata matibabu mengine yote. Katika saa 48 za kwanza walifariki 10.6 kwa kila 100 waliopewa albumini, 10.5 kwa kila 100 waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 kwa kila 100 ambao hawakupewa maji ya haraka. Uandikishaji ulisimamishwa kabla ya kufika idadi iliyopangwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Jambo linalonigusa zaidi lilijitokeza katika uchambuzi wa baadaye: katika saa ile ya kwanza, dalili za mzunguko wa damu zilikuwa nzuri zaidi kwa watoto waliopewa maji. Daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba yanasaidia, na asingekuwa anasema uongo; angekuwa anaeleza alichokiona. Bila kura, tungeendelea kuwamiminia watoto wetu maji yale kwa nia njema kabisa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa takwimu, kwetu ni Gede. Nimerusha sarafu mara 20 kama ambavyo ningewagawa wagonjwa 20, nikapata 14 upande mmoja na 6 upande wa pili. Huo nao si upendeleo?

JIBU: Sarafu yako haina kosa, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Ukirusha sarafu mara 20, uwezekano wa kupata 14 kwa 6, au mgawanyo mbaya kuliko huo, ni zaidi ya 11 kwa 100. Si jambo la nadra hata kidogo. Ukirusha mara 200, uwezekano wa mgawanyo wa uwiano huohuo, 140 kwa 60, haufiki hata mmoja kwa milioni. Kura tupu ni njia nzuri kwa utafiti mkubwa, na ni ya mashaka kwa mdogo.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kugawa kwa mafungu. Tuite tiba mpya M na ya zamani Z. Badala ya kupiga kura kwa kila mgonjwa peke yake, unapiga kura kwa wagonjwa wanne pamoja, kwa sharti kwamba wawili wapate M na wawili wapate Z. Mipangilio iko sita tu: MMZZ, MZMZ, MZZM, ZZMM, ZMZM na ZMMZ. Kila baada ya wagonjwa wanne pande zinalingana. Lakini angalia kilichouzwa ili kununua usawa huo. Anayejua kwamba fungu ni la wanne, na ameona waliotangulia walipata nini, anaweza kumtaja wa nne kwa hakika. Na wawili wa kwanza wakiwa MM, wote wawili waliobaki wanajulikana. Ukipiga hesabu ya mipangilio yote sita, utaona kwamba kwa wastani theluthi moja ya wagonjwa wanatabirika kabla hawajafika mlangoni. Ndiyo sababu ukubwa wa mafungu huchanganywa, mara wanne, mara sita, mara wanane, na wa wodini hawaambiwi.

Mwaka 1971 mwanatakwimu Bradley Efron alipendekeza njia nyingine ninayoipenda kwa wepesi wake: pande zikilingana, rusha sarafu ya kawaida, upande mmoja ukibaki nyuma, tumia sarafu iliyoelemea, inayoupa upande huo nafasi mbili kati ya tatu. Usawa unavutwa polepole, na hakuna mgonjwa anayejulikana kwa hakika atakwenda wapi.

Kuna na mzigo wa pili, nao ni kusawazisha sifa za wagonjwa pamoja na idadi yao. Unaweza kuwapanga kwa matabaka, kila tabaka na mafungu yake. Lakini hospitali tatu, ngazi tatu za umri na ngazi mbili za ukali wa ugonjwa tayari ni matabaka 18, na ukiwa na watoto 60 utabakiwa na mafungu mengi yasiyojaa, usawa uliokuwa ukiutafuta umekuponyoka. Hapo ndipo inapofaa njia ya kupunguza tofauti, iliyoelezwa na Donald Taves mwaka 1974, kisha Stuart Pocock na Richard Simon mwaka 1975. Tuseme ameletwa msichana wa mwaka mmoja mwenye upungufu mkubwa wa damu. Unahesabu wanaofanana naye: upande wa M kuna wasichana 8, walio chini ya miaka miwili 6, wenye upungufu mkubwa wa damu 3, jumla 17, upande wa Z ni 7, 5 na 2, jumla 14. Kumpeleka Z kunapunguza tofauti, kwa hiyo kompyuta inampa Z nafasi kubwa, tuseme 80 kwa 100. Ushauri wangu ni kwamba zile 20 zilizobaki usizifute kamwe, hata kama programu inakuruhusu; ukizifuta, mwenye daftari na kalamu ataweza kukokotoa jibu kabla ya kompyuta.

SWALI: Mwalimu, mimi ni tabibu katika zahanati moja upande wa Mambrui. Mambo ya bahasha na kompyuta yanatuongezea kazi. Kwa nini tusipokezane tu, mgonjwa huyu dawa mpya na anayefuata ya zamani, au tarehe shufwa hii na tarehe witiri ile?

JIBU: Ndugu yangu, ninajua foleni ya zahanati ilivyo asubuhi ya Jumatatu, wala sikulaumu. Kupokezana kunatoa idadi sawa na kunaonekana ni haki. Ubovu wake ni mmoja, nao unatosha kuvunja jengo zima: wewe unayeamua kama mgonjwa anafaa kuingia katika utafiti unajua tayari atakachopata akiingia. Leo ni siku ya dawa ya zamani; ameletwa mtoto aliyedhoofika sana; unajiambia, "Huyu nisimwandikishe, mama yake aje naye kesho." Hujadanganya mtu. Umemhurumia mtoto mmoja. Lakini ukifanya hivyo mara kumi, watoto waliodhoofika wamelundikana upande mmoja.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mtunza kumbukumbu katika utafiti ambao sitautaja. Bahasha zetu zilikuwa nyeupe na nyembamba, za aina inayouzwa dukani kwa barua za kawaida. Asubuhi moja nilimkuta nesi ameibandika bahasha kwenye kioo cha dirisha, jua likipita ndani yake, na herufi ya Z ikionekana kwa kivuli. Mkononi alikuwa na bahasha ya pili, ya mgonjwa anayefuata, na nilielewa mara moja kwamba anataka kuzibadilisha. Alikuwa mpole kuliko wote wodini. Alikuwa amekesha na mtoto wa kitanda cha dirishani, na alitaka apate dawa mpya. Sikuweza kumgombeza. Nilikaa naye benchini nikamwambia kwamba hata yeye hajui kama dawa mpya itamsaidia mtoto huyo au itamdhuru, akanijibu kwamba moyo wake unajua. Jibu hilo ninalikumbuka kila ninapokagua bahasha.

Mwanatakwimu Austin Bradford Hill aliliona hilo mapema. Katika jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, wagonjwa 55 walipewa dawa hiyo pamoja na kulazwa, na 52 walilazwa tu. Mgao ulitoka katika jedwali la namba za nasibu, na ulifungwa katika bahasha ambazo nje yake paliandikwa jina la hospitali na namba, basi. Daktari aliifungua baada ya mgonjwa kukubaliwa. Katika miezi sita walifariki 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52. Na mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walipitia majaribio 250, wakakuta kwamba yale ambayo mgao wake haukufichwa vizuri yalikuza faida ya tiba kwa takriban asilimia 41 kwa kipimo walichokitumia, yakilinganishwa na yale yaliyofichwa barabara.

Kama hamna intaneti ya kutegemea, bahasha zinatosha, mradi ziwe nene zisizopenyeza mwanga, karatasi ya ndani ikunjwe ndani ya karatasi ya alumini, zifuatane kwa namba, na jina la mgonjwa na saa viandikwe juu kabla ya kufunguliwa. Orodha ya mgao itengenezwe na mtu asiyewaona wagonjwa, ikae mbali na zahanati. Wala usichanganye jambo hili na kuwaficha wagonjwa na wahudumu wasijue ni dawa gani inayotumika. Hilo huja baadaye na wakati mwingine haliwezekani, kama vile upasuaji unapolinganishwa na vidonge. Kuficha mgao hadi mgonjwa aandikishwe kunawezekana wakati wowote.

SWALI: Naandika kutoka Lamu. Nimesoma kwamba siku hizi kompyuta inaweza kujifunza utafiti ukiendelea, na kuwapeleka wagonjwa wengi zaidi kwenye tiba inayoshinda. Huo si uungwana zaidi kuliko kugawa nusu kwa nusu hadi mwisho?

JIBU: Wazo hilo ni kongwe: William Thompson aliliandika mwaka 1933, na Marvin Zelen akalirudia kwa sura nyingine mwaka 1969. Chukua chungu chenye gololi mbili, moja ya kila tiba. Mgonjwa akija, chomoa gololi bila kutazama, mpe tiba yake, kisha irudishe. Akipona, ongeza gololi ya tiba hiyo. Asipopona, ongeza ya tiba nyingine. Chungu chenyewe kinaelemea upande unaofanya vizuri.

Mwaka 1985 Robert Bartlett na wenzake, huko Michigan, Marekani, walichapisha jaribio la namna hiyo kwa watoto wachanga walioshindwa kupumua, wakilinganisha mashine inayoitia damu oksijeni nje ya mwili na matibabu ya kawaida. Mtoto wa kwanza aliangukia mashine, akaishi. Wa pili aliangukia matibabu ya kawaida, akafariki. Kumi waliofuata wote walitibiwa kwa mashine, wakaishi. Hesabu ikawa 11 kwa 1, na wataalamu wakabishana kwa miaka: je, mtoto mmoja aweza kubeba ushahidi wa upande mzima? Ilibidi Uingereza wafanye jaribio la nusu kwa nusu, likachapishwa mwaka 1996, ambamo walifariki 30 kati ya 93 waliopelekwa kwenye mashine na 54 kati ya 92 wa matibabu ya kawaida. Mashine ilikuwa bora kweli. Lakini ili ulimwengu uamini, watoto wengi zaidi walipaswa kupigiwa kura upya, na hilo si jepesi kulisema mbele ya wazazi wao.

Kwa pwani yetu nina hofu nyingine. Malaria huongezeka baada ya mvua za masika. Chungu kikiwa kimeelemea M wakati wa masika, na kilikuwa sawasawa wakati wa kiangazi, basi M imepata wagonjwa wengi wa msimu mbaya, na takwimu zitachanganya dawa na mvua. Zipo njia za kurekebisha, na pale ambapo tiba ni nyingi na ugonjwa unaua haraka ninakubali kwamba mgao unaojifunza una nafasi yake. Kwa tiba mbili tu, ningechagua nusu kwa nusu, pamoja na kamati huru inayofungua hesabu mara kwa mara na yenye mamlaka ya kusimamisha kazi, kama ilivyotokea kwa yale maji ya mshipa.

SWALI: Wazee wetu hapa Ganda husimulia kwamba zamani vijiji vingine vilipewa vyandarua vya utafiti na vingine vikaachwa. Hiyo nayo ilikuwa kura?

JIBU: Ndiyo. Chandarua chenye dawa humlinda hata jirani, kwa kuwa mbu hufa. Ukiwagawa watu nyumba kwa nyumba, pande mbili zinaingiliana. Kwa hiyo kura hupigwa kwa maeneo mazima, na hesabu hufanywa kwa kukumbuka kwamba watu wa eneo moja hufanana. Jaribio la namna hiyo lilifanyika Kilifi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi moja.

SWALI: Mimi ni mgonjwa niliye katika utafiti, naishi Muyeye. Dawa niliyopangiwa inanitapisha, nataka kuacha. Nikiacha, ninafutwa?

JIBU: Kwanza, kaka yangu, waeleze wahudumu leo hii kuhusu kutapika, usingoje siku ya kliniki. Una haki ya kujitoa wakati wowote, na matibabu yako ya kawaida hayapungui. Lakini hufutwi: ukiwaruhusu kutumia kumbukumbu zako, utahesabiwa upande uliopangiwa na kura, hata kama hukumeza kidonge kingine tena.

Sababu yake nitaionyesha kwa mfano wa kubuni. Wagonjwa 100 wamepangiwa M na 100 wamepangiwa Z. Wa M 20 wameacha kwa kutapika, na kati yao 8 wamefariki. Kati ya 80 waliovumilia, wamefariki 4. Upande wa Z wamefariki 12. Ukiwafuta walioacha, M imepoteza 5 kwa 100 na Z 12 kwa 100, na gazeti litaandika kwamba tiba imepatikana. Ukiwahesabu wote pale kura ilipowaweka, ni 12 kwa 12. Wanaoacha dawa huwa na sababu zao, kama wewe, na sababu hizo ni sehemu ya jibu tunalolitafuta. Kwa hiyo ukijitoa, uliza jambo moja kabla ya kuondoka: kama wanaweza kuendelea kukupigia simu kila mwezi kujua hali yako. Ukikubali, bado unausaidia utafiti hata bila dawa.